Maneno ya Telebe

Shemeji yangu anachanganya rangi. Ukiingia kwenye lile duka la vifaa vya ujenzi, ukapita misumari na mabomba, utamkuta nyuma kabisa kwenye mashine ya kutikisa makopo, mikono imejaa madoadoa, miwani imeshuka puani. Mteja anatoa kipande cha kadi, anasema nataka sebule yangu iwe hivi. Shemeji anakitazama, anatia tone la njano, tone la nyeusi, anagongea kifuniko kwa nyundo, anawasha mashine. Kopo linapotikiswa mteja hana la kufanya, kwa hiyo anaanza kumtazama fundi usoni, na balaa huanzia hapo.

"Samahani mzee, wewe si ndiye Telebe?"

"Ndiye."

"Hebu niambie leo. Ule wimbo maana yake nini?"

Swali hilo nimelisikia mara nyingi kuliko nilivyosikia jina langu mwenyewe. Mimi ni mdogo wa mke wake, fundi cherehani, na ninaishi nao nyumba moja, chumba cha uani, tangu mume wangu alipofariki. Nimelisikia dukani, nimelisikia msibani, na siku moja nimelisikia kwa daktari wa meno, shemeji amepanuliwa kinywa na hawezi kujibu hata kama angetaka. Kila anayeuliza anadhani yeye ndiye wa kwanza. Na kila anayeuliza anatabasamu, kana kwamba amemletea mtu zawadi.

Kwa wasioujua, kama bado wapo, kiitikio chake ni hiki:

Telebe lebeya, telebe wanzoba,
lebeya telebe, wanzoba lee.

Na beti zake ni hivyo hivyo, telebe mbele na lebeya nyuma. Hamna neno hata moja la lugha yoyote inayosemwa na binadamu. Watoto wanauimba wakiruka kamba. Simu za watu wazima zinalia nao kwenye foleni ya benki. Jina alilopewa shemeji na wazazi wake limekwisha kabisa. Hata kwenye shati lake la kazi bosi aliniagiza nitarizi Telebe kifuani, nami nikatarizi, maana mkono wa kazi haubishani na mwenye kitambaa.

Zamani alikuwa akiwajibu watu kwa raha. Kijana anayeoa alimwambia maana yake ni "mzae wengi." Mama wa makamo alimwambia ni "subira." Askari aliyetusimamisha barabarani taa za gari zikiwa hazifanyi kazi alimwambia ni "heshimuni sheria," na tukaachiwa. Alikuwapo mhubiri mmoja aliyetangaza kwamba yale ni majina ya mashetani, na bibi mmoja aliyeapa kwamba marehemu mama yake aliisema lugha hiyo na kwamba wimbo unahusu ng'ombe aliyepotea. Shemeji aliwashukuru wote wawili. Lakini miaka hii ya karibuni amechoka. Mtu akimuuliza maana anazima mashine, anafuta mikono, anasema, "Rangi yako tayari." Ukimwangalia usoni wakati huo, unaona kabisa mtu aliyebeba mzigo ambao hakuna anayeuona, na mtu wa namna hiyo hapewi pole.

Nyumbani alikuwapo mtu mmoja ambaye hajawahi kumuuliza maana ya Telebe. Huyo ni dada yangu, mke wake. Dada hakuuliza kwa sababu alijiona anajua kitu ambacho sisi wengine hatukijui.

Lazima nieleze jinsi bendi za wakati ule zilivyofanya kazi, la sivyo hutaelewa chochote. Wakati ule bendi ziliibiana maneno. Muziki haukuibika kirahisi, maana kila mpiga gitaa ana vidole vyake, lakini maneno ni ya kuondoka nayo. Mtu wa bendi nyingine angekuja kuegemea dirisha la ukumbi wenu wa mazoezi, anavuta sigara yake taratibu kama mtu asiye na haja na lolote, kumbe anakariri. Wiki ijayo unausikia wimbo wako redioni na umeshabatizwa ubini mwingine. Kwa hiyo waimbaji wakaweka desturi ya kufanya mazoezi kwa makapi. Ndivyo walivyoyaita, makapi. Mwimbaji anaujua mwendo wa wimbo, wapi apande na wapi ashuke, lakini mdomoni anatia upuuzi wowote, labadi lubada, almradi sauti ipite. Maneno yenyewe, punje, yanakaa kichwani mwake mpaka siku ya kurekodi. Wenzake kwenye bendi hawaulizi. Kumuuliza mwimbaji maneno yake kabla ya siku yenyewe ilikuwa ni kama kumwingizia mkono mfukoni.

Dada wakati huo alikuwa opereta wa simu katika hospitali kubwa. Alikaa kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, kipaza sauti mdomoni na spika sikio la kushoto, akiunganisha watu na wodi kutwa nzima. Shemeji alimpendea sauti kabla hajamwona sura. Alikuwa akipiga simu hospitali na kuomba aunganishwe na mgonjwa ambaye hayupo, na Dada akamtafutia mgonjwa huyo kila wodi kwa uaminifu, mpaka siku moja muuguzi mmoja akamwambia, "We nawe, mgonjwa ni huyo anayepiga."

Baba yetu hakumtaka. Alikuwa seremala, mtu wa kupima kwanza ndipo akate, na mwanamuziki kwake alikuwa mtu asiye na kazi ila makelele. Shemeji akamwambia Dada kwamba amemtungia wimbo. Maneno yake yote ni yeye Dada, alivyo na jinsi yeye shemeji anavyomheshimu, na yakisikika redioni hata mzee atalainika. Dada akaomba ayasikie. "Utayasikia kama wengine," shemeji akamwambia, "ila wewe utajua ni yako. Kwa sasa kuta zina masikio." Dada akaenda kumwambia Baba. Baba akaendelea kupiga randa ubao wake, akasema, "Tutasikia."

Siku wimbo ulipopangwa kupigwa kwa mara ya kwanza, ilikuwa Jumapili mchana, kipindi cha nyimbo mpya. Tuliazima viti. Shangazi alikuja, majirani walikuja, na Dada alivaa gauni la buluu ambalo nililipiga pasi mimi, nikaunguza kidogo pindo na sikusema. Mtangazaji akataja bendi, gitaa likaingia, na kwa kweli lilikuwa gitaa tamu. Kisha sauti ya shemeji. Telebe lebeya. Tukadhani ni utangulizi. Ubeti wa pili ukaja, telebe. Shangazi akauliza kwa sauti ya chini kama hiyo ni lugha ya kwao. Ubeti wa tatu ulipokuja na wanzoba yake, Baba alisimama, akatwaa kofia yake. "Debe tupu haliachi kuvuma," alisema, akarudi kwenye karakana. Dada alikaa pale pale mpaka wimbo ukaisha, akazima redio, akakusanya vikombe akaenda kuviosha. Nilimwonea huruma, nikaenda kumkaushia vikombe.

Jioni ile shemeji alikuja mbio na maelezo. Walipofika studio, fundi mitambo alitaka kwanza kupima sauti, akawaambia waimbe chochote. Wakaimba makapi mwanzo hadi mwisho. Umeme ukakatika. Uliporudi saa yao ilikuwa imekwisha na bendi nyingine iko benchi inangoja. Wao wakaondoka wakijua wataitwa tena, kumbe redio ilichukua kilichokuwa kwenye mkanda ikakirusha. "Maneno yapo," alimwambia Dada, na akajigusa paji la uso kwa kidole. "Yako hapa. Wataturekodi upya." Dada aliamini. Mimi pia niliamini, nilikuwa msichana na shemeji alikuwa na meno mazuri.

Hawakuitwa tena. Kabla ya mwezi kwisha Telebe ilishika kama moto wa nyasi kavu, na kiongozi wa bendi, yule mpiga gitaa mwenyewe, akatoa amri kwamba atakayeugusa wimbo ule atafute bendi nyingine. Hata Baba alisalimu amri. Wateja wake walikuwa wakiimba Telebe wakisubiri vitanda vyao, na ni vigumu kumnyima binti mtu ambaye wateja wako wanamwimba. Wakaoana.

Basi maisha yakawa hayo. Shemeji alitunga nyimbo nyingine, zenye maneno, na baadhi zilikuwa nzuri sana. Upo mmoja wa mama anayemngoja mwanawe kituoni, ambao mimi kila nikiusikia cherehani inasimama. Watu waliutumia wimbo huo kwenda msalani na kununua soda. Kisha gitaa la Telebe likianza wanarudi mbio, chupa mkononi. Bendi ikafa, vyombo vikauzwa, akaingia kwenye rangi, lakini kila mwisho wa wiki kuna harusi, na kila harusi inataka Telebe, tena mara mbili, tena bibi harusi akiwa juu ya kiti. Nimemwona akirudi nyumbani, anakaa kwenye ngazi ya mlango kuvua viatu, na anashindwa kuvua cha pili. "Shemeji," aliniambia siku moja, "kuna watu wamechoka kwa kusema sana. Mimi nimechoka kwa kutosema kitu."

Nikamtania, nikamwambia wapo wanaume wengi wa hivyo na hawalipwi hata soda. Hakucheka.

Na Dada? Dada aliweka imani yake mahali pa siri kama mtu anavyoweka kanga mpya chini ya sanduku. Mara moja moja angeuliza, "Yale maneno yangu utaniimbia lini?" Shemeji angejibu kwamba yanataka gitaa. Au yanataka utulivu. Au watoto wakikua. Kisha wangeangaliana, na Dada angetabasamu na kuacha. Siku moja tukikunja nguo aliniambia, "Mdogo wangu, wanawake wengine wana dhahabu. Mimi nina wimbo ambao mume wangu hajamwimbia mtu yeyote." Aliwahi kuwaambia hata wanawe. Alilisema hilo kwa kujidai, yeye ambaye hakuwa mtu wa kujidai kwa lolote.

Sasa tufike kwenye sikio. La kushoto, lile la spika ya hospitali, lilikwisha zamani, na tulizoea kumpigia hodi kwa kumgusa bega. Mwaka huu la kulia nalo likaanza. Akawa anaacha sufuria ikiungua kwa sababu hasikii inavyochemka, na anacheka pale ambapo wenzake wamekwisha kucheka. Tukaenda naye kliniki, mimi na shemeji. Daktari alimtia matone, akampima kwa mashine, kisha akamweleza kwa kuandika, ili asipotewe na neno hata moja: mishipa imechoka, inaendelea kuchoka, na haitarudi. Kifaa cha sikioni kitampa kelele, lakini sauti ya mtu hataipata kama anavyoipata sasa. Dada akasoma, akamrudishia karatasi. "Sikio la kufa halisikii dawa," alisema, na daktari hakujua kama acheke.

Tulipotoka nje alizunguka akaja upande ule ambao sikio lake la kulia lingemwelekea mumewe. Walitembea hivyo, mimi nikiwa nyuma.

"Baba watoto," alisema, "sina ninachokudai katika maisha haya. Ila nataka maneno yangu kabla hili halijafunga."

"Utayapata."

"Lini?"

Shemeji alitembea kidogo. "Jumamosi," alisema. "Kwenye harusi ya binti wa bosi. Nitayaimba pale, mbele ya watu wote, na gitaa."

Dada alimshika mkono barabarani, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Wiki ile shemeji hakula vizuri. Nilimsikia bafuni akijaribu. Anaanza na mlio wa puani, mmm, mmm, anaupandisha wimbo mahali pake, anafungua mdomo, na kinachotoka ni telebe. Anaanza tena. Telebe. Kisha unasikia maji yanamwagwa kwa hasira. Kazini alichanganya rangi ya krimu kwa ajili ya zahanati ikatoka rangi ya maharage, na wakawa wameshapaka ukuta mmoja kabla hawajagundua. Nikasema, maskini, ameyasahau. Ameimba makapi muda mrefu mpaka punje zimempotea. Na kama ameyasahau, lazima yupo mtu anayeyakumbuka.

Nikaenda kumtafuta Besi. Huyu alikuwa mpiga gitaa la besi wa bendi ile, na ndiye pekee aliyebaki hapa mjini. Sasa ni mlinzi wa lango la shule. Nilimkuta amekaa kwenye kibanda chake, kofia magotini, ananusa hewa kama mtu aliyemaliza mambo yote.

"Besi," nilimwambia, "nataka maneno ya Telebe. Yale ya kweli."

Alicheka bila kutoa sauti. "Mimi sijawahi kuyasikia, mama."

"Hata siku ya studio?"

"Hata siku hiyo. Yeye alituambia yako kichwani, na sisi hatukumuuliza, ndivyo ilivyokuwa. Ila nikwambie kitu kimoja." Alisimama kufungua lango, gari la maziwa lilikuwa linaingia, akalifunga tena taratibu. "Siku ile umeme ulipokatika, sote tulilaani. Kiongozi alipiga ukuta ngumi. Huyu shemeji yako alikaa chini akajifuta jasho, akasema Mungu mkubwa. Nilishangaa. Nikaacha." Akakaa. "Mficha uchi hazai," alisema, akavaa kofia yake.

Nilirudi nyumbani nikijiambia kwamba Besi amezeeka na anachanganya siku. Nilijua hachanganyi. Lakini Dada alikuwa amenipa gauni lake nimpunguzie kiunoni kwa ajili ya Jumamosi, na mtu akiwa na gauni la mwenzake mapajani hawezi kuwaza vibaya kiasi hicho.

Harusi ilikuwa mchana, kwenye ukumbi wa bati wenye viti vya plastiki na feni zisizotosha. Dada nilimkalisha mbele kabisa, spika kubwa ikiwa kulia kwake. Shemeji alipanda jukwaani na shati ambalo nilimpunguzia mabega, maana amekonda, akashika kipaza sauti. "Leo," alisema, "Telebe nitaiimba kwa maneno yake." Ukumbi ukashangilia. Watu walidhani ni mzaha. Dada aliweka kiganja nyuma ya sikio.

Gitaa likaanza. Kijana mpigaji alikuwa ameiga kila kidole cha yule kiongozi wa zamani. Likafika mahali pa sauti kuingia, shemeji akafungua mdomo, akaufunga. Gitaa likazunguka tena, kwa adabu, likafika pale pale. Alifungua mdomo tena. Nilimwona akitazama dari, akitazama viatu vyake, jasho linamtiririka shingoni. Gitaa likazunguka mara nyingine, na watu wakadhani anawasubiri wao. Ukumbi mzima ukaingia kwa pamoja, telebe lebeya, mpaka bati likatetemeka.

Na hapo niliuona uso wa shemeji. Ulipumzika. Alikuwa kama mtu aliyesimama foleni tangu asubuhi kisha akaletewa kiti. Akaimba nao, akanyoosha mikono, akawaelekezea kipaza sauti. Hakufanana na mtu aliyesahau kitu na kinamuuma. Alifanana na mtu aliyeponea chupuchupu, na nikakumbuka ile "Mungu mkubwa" aliyonisimulia Besi, na nikamchukia mbele ya keki ya watu.

Dada aliniinamia. "Ndiyo hayo?" aliuliza kwa sauti kubwa, kama wanavyouliza wasiosikia.

"Bado, Dada."

"Watu wanapiga kelele mno," alisema, akimtetea. "Hawezi kuimba na kelele hizi." Aliendelea kukaa na kiganja sikioni mpaka mwisho, akipekua ndani ya ile telebe yote labda neno limo.

Asubuhi ya Jumapili nilimkuta shemeji nyuma ya nyumba akisafisha brashi ambazo zilikuwa safi. Nilijiambia nisije nikapandisha sauti, na sikupandisha.

"Shemeji, nenda kamwambie."

"Nimwambie nini?"

"Unajua."

Alisugua brashi. Hakuniuliza nimejuaje. "Nitayatunga," alisema. "Nipe muda tu. Nikitulia nitayatunga."

"Umepewa muda mpaka sikio la mtu limekwisha."

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alionekana mzee kuliko Baba alivyokuwa siku tunamzika. "Kila nikitaka kutia neno," alisema, "naliona dogo. Nikasema siku ya studio, taa nyekundu ikiwaka, litakuja lenyewe. Halikuja. Baadaye nikaona haya kusema. Sasa hata haya imechoka." Hasira yangu ilikuwa bado ipo, ila ilikuwa imepata huruma pembeni yake na vikawa vinasukumana. Nikamwambia tu, "Nenda."

Dada alikuwa uani kwenye kigoda, sinia la mchele magotini, anachambua. Binti yao alikuwa amekuja na watoto wake, wanacheza karibu na bomba. Upande wa pili wa ukuta mfupi jirani alikuwa anafagia. Shemeji alikwenda akachuchumaa upande wa kulia wa mkewe. Akasema jambo lile kama watu wanavyosema jambo la aibu, chini chini, akilitazama sinia.

"Unasema?" Dada aliuliza.

Akarudia, juu kidogo.

"Inua sauti, baba watoto. Sikusikii."

Mtu huyu ameishi na vipaza sauti maisha yake yote, na hapa hakuwa nacho. Alisimama. Akavuta pumzi, tena kutoka tumboni kama jukwaani, akasema kwa sauti ambayo sikujua kama bado anayo, "Hakukuwa na maneno."

Ufagio wa jirani ukasimama. Binti yao akamshika mtoto aliyekuwa anakimbia. Dada hakuinua macho kutoka kwenye mchele.

"Rudia," alisema.

"Hakukuwa na maneno! Sikuyaficha. Nilikwenda studio mtupu. Nilikutafutia neno wiki nzima, mwezi mzima, sikulipata la kukutosha, na umeme ulipokatika nilishukuru. Nikakudanganya siku ile, na nikaendelea."

"Rudia."

Sauti ilimpasuka katikati. Alirudia yote, la studio, la umeme, la uongo, uani mbele ya binti yake na wajukuu na jirani aliyekuwa ameegemea ufagio, na alipofika mwisho akaongeza ambalo hakulisema mwanzo. "Nilikuogopa," alisema. "Ulikuwa unaniamini mno."

Nilimtazama Dada, na ndipo nilipoona kwamba mkono wake haukuwa sikioni. Haukuwahi kwenda sikioni. Ulikuwa ndani ya mchele muda wote.

"Nimekusikia tangu ulipochuchumaa," alisema.

Shemeji alibaki amesimama.

"Umeniumiza," Dada alisema. "Sitajifanya hujaniumiza. Nimejivunia kitu kisichokuwapo, mpaka kwa watoto wangu." Alifuta uso kwa mkono wenye vumbi la mchele. "Watu wamekuita jukwaani maisha yako yote, rudia, rudia. Mimi sikuwa na changu cha kukwambia urudie." Akavuta kigoda cha pili kwa mguu, akakisogeza kuliani kwake. "Kaa. Sema tena. Usipige kelele, bado nasikia."

Shemeji akakaa. Akasogeza mdomo kwenye sikio la mkewe na kuanza tena, polepole, na sisi wengine hatukusikia kitu.